Masanduku Kumi na Moja ya Kwa Sawano

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili tangu samaki wawekwe masandukuni, Mitsue Sawano alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kuvu, akavua ndara zake, akazipanga sambamba kama alivyofundishwa, kisha hakuingia. Alibaki pale, mkono mmoja juu ya komeo, akivuta hewa kwa pua. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa ameutambua mlango ule kwa harufu kabla ya kuuona: harufu ya ardhi baada ya mvua, ya uyoga, ya nguo za kale zilizokunjwa vizuri. Asubuhi ile mlango ulinuka ubao. Ubao mtupu, kama karakana ya seremala.

Akafungua. Ndani kulikuwa na joto la kutosha, birika likitoa mvuke juu ya jiko dogo la mafuta, na masanduku kumi na moja ya mwerezi yakiwa yamepangwa juu ya chanja. Aliinua kifuniko cha sanduku la kwanza. Vipande vya samaki aina ya sehewa vilikuwa vimelala kimya, vyekundu vya kukoza, vikavu, visafi. Visafi mno. Akainua cha pili, akainua cha tatu. Alipofika cha kumi na moja akainama, akanusa, akakirudisha.

Katika nyumba ya Sawano kuvu ya kwanza huota siku ya kumi na mbili. Ikichelewa sana, siku ya kumi na tano. Huanza kama vumbi la kijani kwenye kona za vipande, halafu huenea mpaka samaki mzima avae koti. Kuvu ndiyo inayonyonya unyevu wa mwisho ambao moshi na jua vimeshindwa kuutoa, ikala mafuta, na kukiacha kipande kigumu kama gogo, kiasi kwamba ukigonganisha viwili vinalia kama vigae. Pasipo kuvu, sehewa wa kwa Sawano ni samaki mkavu kama samaki wengine wakavu. Na kuvu hiyo haikununuliwa popote. Iliishi ndani ya mbao za masanduku yale tangu kabla ya vita, sanduku likiambukiza sanduku. Ikiwa imekufa, basi binti yake Chinami na mkwewe Kohei walikuwa wameacha kazi zao Nagoya kuja kurithi ghala la mbao.

Mitsue alimjua aliyeiua. Alikuwa yeye mwenyewe.

Alikuwa mzaliwa wa mji uleule wa Kajiura, mtaa wa Funato, ambako nyumba zimebanana kati ya mlima na ukuta wa bahari hata mtu akipiga chafya jirani humtakia afya. Baba yake alivua sehewa kwa fito, akiwarusha mmoja mmoja juu ya bega, na siku aliyokosa kazi melini alikata miti ya mwaloni mlimani kwa ajili ya mabanda ya moshi. Mabanda hayo yalikuwa tisini wakati huo. Nguo zilizoanikwa zilirudi ndani zikinuka moshi, na wanafunzi wa Kajiura walipopelekwa safari ya masomo mjini kwingine, wenyeji waliwatambua kabla hawajajitambulisha. Mitsue hakuona aibu kwa harufu hiyo akiwa mtoto. Aibu ilimjia baadaye, alipokuwa mtu mzima, nayo ikaja kwa siku moja tu. Lakini siku hiyo ilitosha.

Aliolewa kwa Sawano akiwa na miaka ishirini na miwili. Mama mkwe wake, Toku, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu na mgumu kama bidhaa yake. Alimfundisha kuchemsha minofu bila kuiacha itokote, kuchomoa miiba kwa koleo dogo, kuwasha na kuzima moshi mara kumi na nne, kukwangua lami ya moshi mpaka nyama nyekundu itokeze. Vyote alimfundisha, isipokuwa usafi wa chumba cha kuvu. Kila mwisho wa mwaka, siku ya usafi mkuu, Mitsue alipewa jiko, madhabahu ya mababu na banda la moshi. Chumba cha kuvu Toku alikipangusa mwenyewe, kwa kitambaa kikavu, mlango ukiwa umefungwa. "Bibi harusi ananawa mikono," alizoea kusema, "hanawishi sanduku." Toku alipofariki, kazi hiyo ikachukuliwa na mwanawe Sadayuki, mume wa Mitsue. Na Sadayuki alipofariki miaka miwili iliyopita, kitambaa kikavu kilibaki kimening'inia kwenye msumari wake.

Katika miaka hiyo yote mji ulizidi kupungua. Meli zilianza kwenda bahari za kusini kabisa na kurudi na samaki walioganda kama mawe. Reli ilikatwa, treni ikaishia mji wa jirani, na kituo kikageuzwa kliniki ya meno. Shule tatu zikawa moja. Mabanda tisini yakawa arobaini, yakawa kumi na tano, yakawa saba. Kwa hiyo Chinami alipopiga simu kutoka Nagoya kusema kwamba anarudi na mumewe, na kwamba Kohei amekubali kuchukua jina la Sawano ili nyumba isikatike, Mitsue aliketi sakafuni, simu ikiwa bado sikioni.

Kohei alikuwa fundi wa lifti, mzaliwa wa mkoa wa milima usiogusa bahari hata kwa ukucha. Mwanamume aliyeingia nyumba ya mke na kuchukua jina lake hakukosa kutaniwa Kajiura. "Huyo ameolewa," walisema bandarini, "mwulizeni kama naye aliletewa kanga." Hapana, hawakusema kanga, walitaja vazi lao la harusi, lakini maana ilikuwa hiyohiyo. Kohei aliinama, akacheka nao, akarudi kazini. Alikuwa na daftari ambamo aliandika joto na unyevu wa chumba cha kuvu mara tatu kwa siku. Mitsue alimpenda kwa daftari lile.

Basi mwisho wa Desemba mama yake Kohei akaandika kwamba angependa kuja kula mwaka mpya na wakwe zake. Hakuwa amewahi kuiona nyumba. Tarehe ishirini na nane, Chinami na Kohei walipokwenda kumpokea kwenye treni, Mitsue alibaki akimalizia usafi mkuu. Jiko liling'aa. Madhabahu iling'aa. Akafungua mlango wa chumba cha kuvu ili achukue ufagio, na kwa mara ya kwanza akayaona masanduku kwa macho ya mama wa mtu mwingine: meusi, yenye mabaka, yenye utando kwenye pembe. Moyo ukamwambia, huyu mama akiyaona haya atasema mwanangu ameolewa jalalani.

Alikuwa na ndoo ya maji ya moto yenye klorini mkononi, na brashi. Alinuia kupangusa kifuniko kimoja tu, cha sanduku la saba lililotazamana na mlango, tena upande wa nje. Lakini palipopita brashi pakawa peupe, na pale peupe pakayashitaki mengine yote. Akasugua kifuniko kizima. Akasugua sanduku. Akasugua la pembeni yake, ndani na nje. Kujua alijua, mkono ulimtangulia akili, na akili ilipoufikia mkono masanduku kumi na moja yalikuwa yameanikwa uani, yakipigwa na upepo mkavu wa magharibi, yakiwa meupe kama yametoka dukani. Kwa kitambo kifupi alijivunia. Hiyo ndiyo sehemu aliyoshindwa kujisamehe.

Mgeni alikuja, akala, akasifu supu, akaondoka. Kohei, huo ukiwa mwaka mpya wake wa kwanza Kajiura, aliudhani weupe wa masanduku ni desturi ya usafi mkuu, na Chinami hakuwa na kawaida ya kuingia mle. Tarehe nane ya Januari vipande vipya vikaingizwa masandukuni. Siku ya kumi na mbili ikaja. Siku ya kumi na tano. Mitsue akaanza kuamka kabla ya alfajiri kwenda kuinua vifuniko.

Na kila ilipopita siku, Kohei alijilaumu yeye.

Sababu ya kujilaumu aliiona katika chakula. Kwao milimani, asubuhi haianzi bila nato, zile soya zilizovundikwa zinazovutika kwa nyuzi. Wenye kuishi kwa kuvu wanaziogopa nato kama wenye mifugo wanavyoogopa kimeta, maana vijidudu vyake ni wababe: vikiingia chumbani havimwachii mwingine nafasi. Kohei aliziacha tangu siku aliyohamia. Lakini tarehe tisa, akiwa amepita mjini kununua mafuta ya jiko, alikula mkahawani seti ya asubuhi, na ndani ya seti mlikuwa na kibakuli kidogo cha nato. Alinawa mikono mara nne. Hata hivyo alikiri mbele ya mkewe na mama mkwe wake, ameinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Hapo ndipo Mitsue alipopaswa kusema. Alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa, "Usijali, mwanangu. Labda ni baridi ya mwaka huu."

Habari haikukaa ndani. Kwenye duka la chama cha ushirika, Bi Nobue, aliyeuza mwani na maneno kwa kipimo kimoja, alimwona Mitsue na Kohei wakipanga foleni.

"Eti mkweo anakula nato?" alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye majokofu. "Mitsue, dada yangu, umemleta chui zizini, ukamtandikia na mkeka!"

"Ilikuwa mara moja tu, Bi Nobue," alisema Kohei, akainama.

"Hata bahari ilipanda mara moja tu, baba, na ukuta tukajenga." Akamtilia mwani kwenye mfuko, akaongeza kiganja cha bure, kwa huruma. "Pole. Wa milimani hamna kosa, ni malezi."

Kohei aliinama tena, masikio yamemwiva. Mitsue, aliyekuwa amesimama hatua moja pembeni, aliitazama bei ya figili kana kwamba ameandikiwa mtihani.

Sasa ilikuwa Jumanne, siku ya ishirini na mbili. Aliporudi jikoni kutoka chumba cha kuvu, alimkuta Kohei na Chinami wameketi, miguu chini ya meza ya kupashia joto, daftari katikati yao.

"Bado?" aliuliza Chinami.

"Bado."

Kohei alifunga daftari taratibu. "Mama, nimefanya jambo bila kukuuliza. Nimeagiza ile kuvu ya maabara, ya chupa, kupitia chama cha ushirika. Itafika Ijumaa. Nyumba nyingine zote sita zinainyunyiza. Najua marehemu Baba hakuitaka. Lakini vipande vitaanza kuvunda, na aliyeharibu ni mimi. Sina budi kutengeneza."

Mitsue alijua maana yake. Kuvu ya chupa ina nguvu. Ukiinyunyiza mara moja katika chumba, chumba ni chake daima. Kama ndani ya nyufa za ubao palikuwa pamebaki hata chembe ya ile ya Toku, isingeweza kuinua kichwa tena. Na wapishi wa Kyoto walioagiza kwa Sawano tangu enzi za Toku waliagiza kwa ajili ya kuvu ile, wala si kwa jingine.

"Ijumaa," alisema.

"Kama una njia nyingine, Mama, sema," alisema Chinami. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Huyu hali. Jana alikula wali mtupu, anaogopa hata kachumbari."

Mitsue alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa bado na ngozi iliyochunika kwa klorini. Ilimshangaza kwamba hakuna aliyeuliza.

"Natoka kidogo," alisema.

Alipanda barabara ya nyuma badala ya ile ya bandari, ili asikutane na watu. Barabara hiyo hupita juu ya ukuta wa bahari, kisha chini ya mlima, kando ya viwanja vilivyobaki na ngazi tu baada ya nyumba kuondoka. Vipaza sauti vya manispaa vilikuwa vikitangaza kwamba Jumapili kutakuwa na zoezi la kukimbilia mlimani, wazee waje na viatu imara. Na sauti ile, ikigonga mlima na kurudi, ikawa inatangaza kila neno mara mbili. Alitembea akihesabu miaka. Alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja tu wakati wa kile kimbunga kikubwa. Maji yalikuwa yameingia ghala la Fukamachi, mwenye banda jingine la moshi, na kubeba kila kitu. Siku ya tatu Toku alimwambia, "Vuta mkokoteni, na usiniulize." Wakapakia masanduku matatu kati ya kumi na manne, wakayafunika kwa turubai, wakapita barabara hiihii. Toku alimwambia mumewe kwamba matatu yamechukuliwa na mafuriko. Waliojua ukweli walikuwa watatu: Toku, Fukamachi na bibi harusi. Toku alikuwa amekufa.

Fukamachi naye alikuwa amefunga banda lake miaka minne iliyopita. Na kwa miaka ishirini nyumba hizo mbili hazikusemezana zaidi ya kuinamiana njiani, kwa sababu ya mkutano mmoja.

"Hodi!" aliita Mitsue kwenye mlango wa kusukuma. "Hodi kwa Fukamachi!"

"Nani huyo anayepiga hodi kama mtu wa kodi?"

"Ni mimi, Mzee. Wa kwa Sawano."

Kisha nyayo zilizoburuzwa. "Bibi harusi wa Toku?"

"Ndiye, ingawa nina miaka sitini na minane."

"Bibi harusi hazeeki mpaka aingie mwingine. Na nyinyi mmeingiza bwana harusi, kwa hiyo utazikwa bibi harusi. Ingia, unatoa joto langu nje."

Alikuwa na miaka themanini na mmoja, amevaa makoti mawili. Akamimina chai bila kuuliza. Paka wa kijivu alipita kati yao, akamnusa mgeni, akaenda zake. Mitsue alikuwa ameandaa salamu ndefu kuhusu baridi na afya, lakini alipoiendea haikuwapo.

"Nimeyaosha," alisema.

"Nini?"

"Masanduku."

"Umeyapangusa."

"Nimeyaosha, Mzee. Kwa maji ya moto na klorini. Yote kumi na moja, ndani na nje."

Fukamachi alishusha kikombe mezani. Alikuwa mtu wa mizaha, na Mitsue alisubiri mzaha. Haukuja.

"Mkweo anajua?"

"Anadhani ni nato yake."

"Na wewe umemwachia adhani."

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Mzee alitazama dirishani. "Mumeo alisimama mbele ya watu mia mbili akaniita mzika mji, kwa sababu nilisema tujenge kiwanda kimoja cha pamoja. Sawa. Alikuwa na ulimi, na mimi nina wangu. Lakini nilisema pale kwamba kuvu ya nyumba si kitu cha kujivunia, na yeye akajibu kwamba mimi sijui kuvu ya nyumba ni nini, kwa kuwa sijawahi kuwa nayo. Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umeketi safu ya pili."

"Nilikuwapo."

"Ulijua kuvu ya nani ilikuwa ghalani kwangu."

"Mama mkwe alinikataza kusema."

"Toku alikuwa na miaka mitatu kaburini, Mitsue."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Chai ilipoa. Mwishowe mzee akainuka kwa kushika meza, akamwashiria amfuate.

Ghalani kwake palikuwa na nyavu, baiskeli isiyo na gurudumu, na mwishoni kabisa, juu ya matofali, masanduku matatu meusi. "Hili paka amelizalia mara mbili, siwezi kulisemea," alisema. "Lakini haya mawili…" Akainua kifuniko.

Ndani kulikuwa na vipande sita vya sehewa, vimevaa koti la rangi ya majivu na kijani. Harufu ilimfikia Mitsue kabla hajainama: ardhi baada ya mvua. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nilifunga kazi, sikufunga kinywa," alisema Fukamachi. "Kila mwaka najitengenezea vya supu yangu. Mtu akiniuliza, namwambia nimenunua."

"Mzee, nakuomba…"

"Sikupi."

"Mzee Fukamachi."

"Sikupi wewe. Atakuja kubeba mkweo. Na kabla hajagusa sanduku utamwambia hapahapa, mbele yangu, kwa nini anabeba. Mara hii sitakaa nikusikilize ukinyamaza."

"Kesho asubuhi nitamleta."

"Leo. Chupa yenu inafika Ijumaa."

"Nani amekuambia habari za chupa?"

"Mji wenye mabanda saba una siri gani, bibi harusi?"

Kohei alikuwa juu ya ngazi, akiziba nyufa za chumba kwa ajili ya Ijumaa, Mitsue alipomwita. Hakuuliza swali, alitoa mkokoteni, akavaa glavu. Njia nzima Mitsue alitafuta neno la kuanzia. Kwenye ukuta wa bahari alilipata, likapita gari la takataka. Chini ya mlima alilipata tena, na Kohei akasema, "Mama, kama Ijumaa haitafaa, nimefikiri nirudi Nagoya nifanye kazi, nyinyi mbaki. Nitatuma pesa. Jana nilimwandikia mama." Na nyumba ya Fukamachi ikaonekana.

Mlangoni kwa Fukamachi mzee aliwasubiri amesimama, makoti mawili, paka miguuni.

"Haya," alisema.

Mitsue alijaribu kupiga magoti pale kwenye sakafu ya udongo, na Kohei, akidhani anaanguka, akamdaka mkono. Kwa hiyo alisema akiwa ameshikwa hivyo, uso wake karibu na bega la mkwewe, na hakuweza hata kuinama.

"Si nato. Ni mimi. Niliyaosha masanduku siku mama yako alipokuja. Niliona aibu. Niliyaosha kwa klorini, na ulipojilaumu nilikuacha."

Kohei hakuuachia mkono. Hakuukaza pia. Paka alikuwa amekwisha kuondoka aliposema, "Nimeacha dawa ya meno, Mama. Nilidhani mnanaa utadhuru. Napiga mswaki kwa chumvi."

"Najua."

"Nalala chumba cha nje. Chinami analia, anadhani nimemchoka."

"Najua, mwanangu."

"Na mama yangu hakuyaona hata masanduku yenyewe! Magoti yalimuuma. Hakushuka ngazi ya chumba cha kuvu siku zote tano." Sauti ilipanda, ikavunjika, ikawa kitu ambacho Mitsue hakuweza kukitambua kama ni kicheko. Kisha akauachia mkono wake, akageuka, akatazama ukuta.

Mitsue aliinama, akabaki hivyo. Hakuomba asamehewe, aliona kuomba kungekuwa kumpa kazi nyingine ya kufanya.

"Mtagombana mkitembea," alisema Fukamachi. "Sanduku linapigwa na baridi."

Kohei alibeba masanduku mawili, moja moja, amelikumbatia kila moja kama mtoto mchanga, akayafunika kwa koti lake mwenyewe. Alipomwinamia mzee kushukuru, Fukamachi alitikisa kidole. "Kitu cha kuvu hakishukuriwi. Toku alinikataza kumshukuru, nami nakukataza wewe. Ukishukuru, kinajiona kimefika, kinalala."

Wakashika njia. Kohei alivuta, Mitsue akasukuma.

Jioni hiyo Mitsue alimwambia Chinami pia, naye Chinami alinyanyuka, akaenda chumba cha nje, akarudi na godoro la mumewe kichwani. Hakumsemesha mama yake kwa siku nne.

Ijumaa chupa ilifika kwenye kisanduku chenye barafu. Kohei aliyasoma maandishi yake yote, akaitia kwenye jokofu nyuma ya mtungi wa figili za chumvi. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa tarehe thelathini na moja Machi, naye akaiandika kwenye jalada la daftari. Masanduku mawili ya Fukamachi yalikuwa yamewekwa katikati ya chanja, yakatiwa vipande vitupu. Vipande sita vyenye koti viligawanywa katika masanduku sita. Matano yaliyobaki yaliachiwa hewa na bahati.

Siku ya tisa tangu mkokoteni uingie, vumbi la kijani lilitokeza katika masanduku ya Fukamachi. Siku ya kumi na moja, katika la pili. Siku ya kumi na tatu, katika la tisa, kwenye kona moja, doa lisilozidi ukucha. Fukamachi alikuja mwenyewe kwa mkongojo, mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti hicho kwa miaka ishirini, akainusa.

"Si ya Toku hii," alisema. "Imekaa kwangu miaka arobaini na mitano, imezoea uvivu. Angalieni rangi yake, ina kijivu."

"Itarudi kuwa ya Toku?" aliuliza Kohei.

"Mwulize yeye," alisema mzee, akimwelekezea kidole Mitsue. "Mimi ni mzika mji."

Mitsue hakujua. Hakuna aliyejua. Vipande vya masanduku tisa vilikuwa bado vitupu, na viwili vilishaanza kutoa ile harufu chachu inayotangulia uvundo. Kohei aliviondoa, akavitazama mwangani, akavitenga. Bi Nobue, alipopata habari kamili, alimpa Kohei mfuko wa mwani bila kupima, na Mitsue akampimia kwa gramu.

Kila asubuhi mwezi huo wa Februari, Mitsue alivua ndara mlangoni, na pembeni yake sasa Kohei alivua zake. Hakuwa amerudia kucheka naye kama zamani. Lakini alikuwa amerudia dawa ya meno, na alikuja. Siku ya kumi na sita waliingia pamoja. Yeye alishika taa, mama mkwe akainua vifuniko. La kwanza, bado. La pili, koti lilikuwa limeenea nusu. La tatu, la nne, bado. Kohei aliandika. La tano, bado. La sita, walibishana kidogo kama kile ni kijani au ni kivuli, wakaandika kivuli.

Walipofika la saba, lile lililotazamana na mlango, lile aliloanza nalo, Mitsue alisita. Kohei aliiweka taa chini, akakiinua kifuniko yeye. Wakainama wote wawili, nyuso zikakaribiana, wakavuta hewa.

Lilinuka ubao.

"La nane," alisema Kohei, akaokota taa.